Waliotia Chumvi na Walioichimba

Watu wa pwani hawajawahi kuililia chumvi. Maji hujaa, maji hupwa, jua huwaka juu ya vidimbwi, na asubuhi chumvi imebaki juu ya tope jeupe ikingoja kukwanguliwa. Labda kwa sababu ya wingi huo Mswahili ameipa chumvi kazi kubwa katika lugha kuliko sokoni. Mzee anayestahili heshima ni mtu aliyekula chumvi nyingi. Msimulizi anayekuza habari kupita kiasi ametia chumvi. Basi upo mji mmoja katika Afrika ambao umetiwa chumvi na karibu kila aliyeutaja, ilhali chumvi yenyewe, chumvi ya mawe iliyoulisha kwa karne nyingi, imefutwa katika habari zake. Mji huo ni Timbuktu.

Kabla ya vita vya mwaka 2012 mgeni aliyefika Timbuktu alipitishwa katika njia iliyozoeleka. Alionyeshwa misikiti mitatu mikongwe iliyojengwa kwa udongo, Djinguereber, Sankoré na Sidi Yahia. Alionyeshwa makaburi ya mawalii na makasha ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Kisha alisimamishwa mbele ya nyumba zenye vibao ukutani. Kibao kimoja kilimkumbuka Gordon Laing, Mskochi aliyeingia mjini mwaka 1826 na kuuawa mara tu alipotoka. Cha pili kilimkumbuka René Caillié, Mfaransa aliyejifanya Mwislamu wa Misri, akafika Aprili 1828 na kukaa wiki mbili. Cha tatu kilikuwa cha Heinrich Barth, Mjerumani aliyefika mwaka 1853. Wapita njia hao watatu wamewekewa ukumbusho. Kibao cha mchimba chumvi kiko wapi? Cha mwongoza ngamia kiko mtaa gani?

Wapo wanaoukosea haki mji huu kwa dharau, na wapo wanaoukosea haki kwa sifa. Mabishano yao yamechukua muda mrefu, na kila upande unauona mwingine kuwa adui. Ukitazama kwa makini utaona kwamba pande zote mbili zimekubaliana juu ya jambo moja: kwamba Timbuktu ni mji wa dhahabu. Mwenye dharau anasema aliitafuta dhahabu asiione. Mwenye kusifu anaapa kwamba ilikuwepo. Hakuna anayeuliza dhahabu hiyo ilifuata nini.

Caillié ndiye kiongozi wa wenye dharau, japo alikuwa shujaa kwa namna yake. Alikwenda akitamani zawadi iliyotangazwa na Jumuiya ya Jiografia ya Paris, na kichwani alikuwa na mji uliopambwa na masimulizi ya Ulaya tangu karne ya 14, pale Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipopita Kairo mwaka 1324 akielekea Makka na kumwaga dhahabu hata thamani yake ikashuka. Alichokikuta Caillié ni nyumba za udongo juu ya mchanga. Akavunjika moyo, na kuvunjika moyo kwake kukageuka kuwa urithi: wageni wengi waliomfuata wameandika kwamba Timbuktu ni jina kubwa lililobandikwa juu ya kijiji. Cha ajabu ni kwamba Caillié mwenyewe aliieleza biashara ya chumvi iliyotoka Taoudenni, na akaona jinsi mji ulivyoitegemea. Jibu lilikuwa limepangwa mabamba kwa mabamba mbele ya macho yake, naye akaendelea kusikitikia dhahabu.

Lakini gazeti linalosomwa na wapenzi wa mashairi lina haja kubwa zaidi ya kusema na kundi la pili, kwa kuwa kundi hilo limo ndani ya nyumba. Mshairi wa pwani anapotaka kuutaja ukuu wa Afrika huliita jina la Timbuktu, na mara huja nyuma yake wanavyuoni, vitabu, minara na dhahabu ya Mansa Musa. Vina vinakaa sawa na mizani inatimia. Mwandishi wa insha naye huja na hoja yake apendayo: kwamba katika mji huo vitabu viliuzwa kwa faida kuliko bidhaa nyingine zote. Hoja hiyo ina asili. Imo katika kitabu cha al-Hasan al-Wazzan, mzaliwa wa Granada aliyejulikana Ulaya kwa jina la Leo Africanus, aliyefika Timbuktu mwanzoni mwa karne ya 16, na ambaye maelezo yake yalichapishwa Venice mwaka 1550.

Hoja ni ya kweli, ila imekatwa. Katika maelezo yayo hayo ya Timbuktu, al-Wazzan anasema kwamba mji ulikuwa na upungufu mkubwa wa chumvi, kwa kuwa ililetwa kutoka Taghaza, mbali sana kaskazini, na kwamba yeye mwenyewe alikuwapo mjini siku mzigo mmoja ulipouzwa kwa dukati 80. Habari ya vitabu imesafiri dunia nzima. Habari ya chumvi, iliyoandikwa kwa kalamu hiyo hiyo na karibu nayo kabisa, imeachwa nyuma kama mtumishi anayeambiwa asubiri nje. Nani aliyeamua kwamba moja ni utamaduni na nyingine ni bei ya sokoni? Mtu aliyenunua kitabu Timbuktu alikilipia kwa mali, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa imepita mgongoni mwa ngamia ikiwa bamba jeupe la chumvi.

Msomaji wa pwani anapaswa kukumbushwa kwa nini chumvi ilikuwa na thamani hiyo. Nchi za nyika zilizo kusini ya Jangwa la Sahara ziko mbali na bahari, joto lake ni kali, na chakula cha nafaka hakimpi mtu chumvi ya kutosha. Mifugo iliihitaji, samaki wa Mto Niger walihifadhiwa kwayo. Kaskazini, katikati ya jangwa, ilikuwepo chini ya ardhi kwa matabaka. Kusini kulikuwa na dhahabu, nafaka na watu. Timbuktu ulikaa pale ngamia wanapokoma na mitumbwi inapoanza, karibu na bandari ya mtoni ya Kabara. Mzigo uliteremshwa kwenye mnyama ukapakiwa kwenye chombo. Utajiri wa mji wote, pamoja na misikiti yake na wanavyuoni wake, ulisimama juu ya tendo hilo la kupakua na kupakia.

Na huko kaskazini ilikotoka, hali ilikuwaje? Shahidi yupo, na ni shahidi ambaye watu wa pwani wanamheshimu. Ibn Battuta wa Tangier, ambaye aliitembelea Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331, alivuka Sahara mwaka 1352 na kukaa siku kumi Taghaza. Anaeleza kijiji kisicho na mti hata mmoja, chenye nyumba na msikiti uliojengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Maji yake yalikuwa ya magadi na nzi walikuwa wengi. Waliokaa pale, anasema, walikuwa watumwa wa kabila la Masufa, waliochimba chumvi na kuishi kwa tende za kutoka kaskazini, nyama ya ngamia na mtama wa kutoka kusini. Al-Wazzan, aliyepita Taghaza zaidi ya karne moja na nusu baadaye, anaongeza kwamba wachimbaji walikuwa mbali mno na chakula, hata mara nyingine walikutwa wamekufa vibandani mwao kwa kuwa msafara haukuwafikia.

Tena Ibn Battuta anaacha hesabu. Mzigo wa ngamia mmoja uliuzwa Walata kwa mithkali nane hadi kumi za dhahabu, na katika mji mkuu wa Mali kwa mithkali 20 hadi 30, pengine hata 40. Msafiri huyo huyo alipofika Timbuktu mwaka 1353 alilitaja kaburi la mtu mmoja ambaye wapenzi wa mashairi wangependa kumjua: Abu Ishaq al-Sahili, mshairi wa Granada, aliyefuatana na Mansa Musa baada ya hija na kufia Timbuktu mwaka 1346. Anasimulia pia kwamba aliambiwa Mansa Musa alimpa mshairi huyo mithkali 4,000 kwa siku moja. Na ichukuliwe hesabu ya kwanza iwekwe kando ya hii ya pili. Zawadi ya siku moja ya mshairi ilitosha kununua mizigo ya chumvi baina ya 130 na 200 kwa bei ya mji mkuu, ambako bei ilikuwa juu. Waliochimba mizigo hiyo walipata tende.

Hesabu hii haikuwekwa hapa ili kumwaibisha mshairi wa Granada. Mshairi hupokea anachopewa, na pwani nayo imejaa washairi waliolishwa na majumbe na masultani. Imewekwa kwa sababu msikiti wa Djinguereber unatajwa daima kuwa kazi ya al-Sahili, kana kwamba mshairi alipanda ngazi akakanda udongo. Jengo la udongo halina mjenzi mmoja. Mvua ya msimu mmoja inalila, na watu wa mji hulazimika kukusanyika kila mwaka kulipaka upya, waashi wakiongoza na vijana wakibeba udongo na maji. Jina moja limehifadhiwa kwa karibu miaka 700, na mikono ya watu wa vizazi vyote hivyo imepewa jina la pamoja, yaani wenyeji.

Hapa ndipo wenye kusifu huinuka na kutoa hoja yao yenye nguvu, na ni lazima isikilizwe. Husema: kwa muda mrefu Mwafrika aliambiwa kwamba hakuwa na kitabu wala chuo, na kwamba historia yake ilianza alipofikiwa na wageni. Timbuktu ndio jibu. Makumi ya maelfu ya hati zake zinaonekana na kushikika. Anayeleta habari za watumwa wa machimboni katika karamu hii anampa adui fimbo.

Hoja hii inatoka katika jeraha la kweli, lakini dawa yake ni mbaya. Sifa iliyoficha nusu ya habari huvunjika siku adui anapoitaja nusu ya pili, na aliyeitegemea hubaki hana la kusema. Jambo kubwa zaidi ni kwamba wanavyuoni wa Timbuktu wenyewe hawakuogopa swali hili. Ahmad Baba, mashuhuri kuliko wote, alijikuta ndani yake kwa mwili wake. Mwishoni mwa karne ya 16 Ahmad al-Mansur, sultani wa Moroko, alidai kwa Songhai kodi ya dhahabu kwa kila mzigo wa chumvi uliotoka Taghaza. Askia Ishaq II akamjibu kwa ukali. Jeshi la Moroko likavuka jangwa, na mwaka 1591 likaishinda Songhai kwa bunduki huko Tondibi. Dhahabu ilikuwa shabaha, ila ugomvi ulipitia mlango wa chumvi. Baada ya miaka miwili wanavyuoni wa Timbuktu walikamatwa, na Ahmad Baba akapelekwa Marrakesh akiwa mfungwa. Alilalamika kwamba aliporwa vitabu 1,600, na kwamba maktaba yake ilikuwa ndogo kuliko za jamaa zake.

Alirudi nyumbani mwaka 1608. Mnamo mwaka 1615 aliandika risala kujibu maswali yaliyotoka Tuwat, katika Sahara, juu ya watu waliouzwa jangwani. Akasema kwamba weusi wa ngozi si sababu ya mtu kufanywa mtumwa, na kwamba Mwislamu huru wa nchi za Sudan ni huru kama Mwislamu mwingine yeyote. Lakini aliruhusu utumwa wa asiyekuwa Mwislamu aliyetekwa vitani. Alifunga mlango mmoja akauacha mwingine wazi, na walio wengi walipitishwa katika ule wa pili. Huyu ni mwanachuoni mzima, mwenye ujasiri wake na mpaka wake, na anastahili kusomwa hivyo. Shairi linalomtaja kama taa iangazayo, kisha likaishia hapo, halijamheshimu. Limemnyamazisha.

Tena makosa ya Timbuktu yana ndugu yake nyumbani. Ibn Battuta yule yule aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri, na sifa hiyo haikosekani katika kitabu chochote cha historia ya pwani. Katika kurasa hizo hizo anasimulia jinsi sultani wa Kilwa alivyozivamia nchi za bara na kuleta ngawira, na jinsi ukarimu wake ulivyomfikia fakiri mmoja wa Yemen kwa watumwa na mizigo ya pembe za ndovu. Uzuri wa mji umenukuliwa. Watumwa waliotolewa kama kanzu wameachwa. Vivyo hivyo msifu wa Mji Mkongwe wa Unguja huimba milango yenye nakshi, akasahau kuuliza karafuu zilizoilipia nakshi hiyo zilichumwa na nani, wakati soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, lilikuwa mwendo mfupi tu kutoka milango hiyo. Ikiwa mshairi hawezi kuiona chumvi ya Timbuktu, ambako hana jamaa wala aibu, ataionaje karafuu ya nyumbani?

Wapo watakaosema kwamba hayo yamepita na kwamba machimbo ni habari ya Zama za Kati. Hayakupita. Taghaza iliachwa mwishoni mwa karne ya 16, na uchimbaji ukahamia Taoudenni, karibu kilomita 700 kaskazini ya Timbuktu. Huko mabamba yameendelea kukatwa kwa mikono, kila bamba likiwa na uzito wa kilo 30 na zaidi, na ngamia mmoja hubeba manne. Malori yameingia, misafara imepungua, lakini shimo ni lile lile na maji ni yale yale ya chumvi, na madeni yamewarudisha wengi shimoni msimu baada ya msimu. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1968, serikali ya kijeshi ya Mali ilifanya Taoudenni kuwa jela ya wapinzani wake tangu mwaka 1969 hadi 1988. Haikuhitaji kujenga kuta ndefu. Jangwa lilitosha.

Mwaka 1988, jela hiyo ilipofungwa, ndio mwaka ambao UNESCO iliuandika mji wa Timbuktu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Iliyoandikwa ni misikiti na makaburi. Mwaka 2012 wapiganaji wenye silaha waliuteka mji, wakavunja makaburi 14 ya mawalii. Mmoja wao, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, alikiri kosa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka tisa. Dunia ililia, na ilikuwa na haki ya kulia. Lakini na aulize mtu: nani aliyeyarudisha makaburi hayo kufikia mwaka 2015? Fedha zilitoka nje, mikono ilikuwa ya waashi wa Timbuktu, waliojua udongo upi uchanganywe na maganda yapi ya mpunga. Na hati za mkono zilizohamishwa kwa siri kwenda Bamako, ambazo zilianza kurejeshwa mwaka 2025, zilifikaje huko? Zilikwenda ndani ya makasha, kwa punda, kwa mitumbwi na kwa magari, zikibebwa na madereva na wanamaji. Vitabu viliokolewa na tabaka lile lile lililobeba chumvi, na kwa mara nyingine majina ya wengi wao hayajulikani.

Basi anayeitembelea Timbuktu, kwa miguu siku amani itakaporudi au kwa kalamu leo, ana wajibu wa kuingia kwa mlango wa kaskazini, kwa njia iliyotoka machimboni. Aanze na bamba. Aulize lilikatwa na nani, alikula nini siku ile, mwenye ngamia alichukua kiasi gani, mfanyabiashara aliliuza kwa bei gani na faida ikanunua nini. Akifuata hesabu hiyo bila kuruka hatua, itamfikisha Sankoré mwenyewe, mbele ya vitabu, wala thamani ya vitabu haitapungua hata kidogo. Atajua vilinunuliwa kwa nini. Mwenye dharau hatakuwa na la kudharau, kwa kuwa mji wa udongo uliozaa maktaba kwa biashara ya mawe meupe si jambo dogo. Mwenye kusifu naye atalazimika kulipanua shairi lake ili watu waingie.

Washairi wa pwani wanajua kuhesabu. Ubeti una mishororo yake, mshororo una mizani yake, na silabi moja ikizidi msomaji wa kale huisikia na kukunja uso. Wanaoweza kusikia silabi moja iliyozidi wanapaswa kusikia mtu mmoja aliyepungua. Katika masoko ya Timbuktu bamba la chumvi hukatwa vipande, na mnunuzi asiye na kitu huondoka na kipande cha kutosha chungu kimoja. Kipande hicho hakijawekwa katika shairi lolote la sifa. Atakayekiweka wa kwanza hatakuwa ametia chumvi.